Boksi la Budeba

"Rudia hapo," Aroni alisema. "Hapo penye mambo ya hewa."

Anjela alimhamishia mtoto paja la kushoto, akaifuata mistari kwa kidole. Karatasi zilikuwa ishirini na mbili, zimechapwa kwenye stesheneri ya stendi kwa shilingi mia moja moja, na kurasa za mwisho wino ulikuwa umefifia. Happy, miezi kumi, alinyoosha mkono azirarue.

"Inasema hivi. Hii boksi haina sensa yake ya kupima presha ya hewa ya nje. Gari ikipangwa mafuta sehemu ya juu mlimani, halafu ikaenda kutumika sehemu ya chini, hewa itaingia nyingi na mafuta yatabaki yaleyale. Kwa injini ya tabo ni hatari. Lazima ipangwe upya hukohuko chini."

"Hatari wameandika wao au unasema wewe?"

"Wameandika wao. Kwa herufi kubwa, na pembetatu wamechora."

Aroni Kalinga alijikuna kidevu. Ilikuwa Jumapili mchana, Ipogolo, Iringa, wametoka ibadani, na jua la Oktoba lilikuwa limeshika bati mpaka linalia. Katika gereji zote za pale chini barabarani, ni yeye na mwenzake mmoja tu waliothubutu kufungua injini ya tabo, ile yenye feni ya kuisukumia hewa. Kwa miezi mitano alikuwa akilijenga gari moja, Mark II nyeupe ya mtu wa Igawa aitwaye Budeba. Injini ilitoka kwenye gari jingine, tabo ilitoka kwenye gari la tatu, kubwa kuliko ile ambayo injini ilizaliwa nayo. Sasa injini ilivuta hewa kwa pupa na kontroli boksi la kiwandani, ambalo ndilo huamua mafuta yaingie kiasi gani, lilikuwa halijui liilishe vipi. Lilihitajika boksi jingine. Yalikuwapo mawili ya kuchagua. La Mbeya, lile la karatasi hizi, dukani kwa Isakwisa, milioni moja na laki mbili, unalichukua leo. La kuagiza kupitia Dar es Salaam, milioni tatu na laki nne, wiki tatu.

"Na lile la bei?"

Anjela aliifungua simu, akasoma akikunja uso. Maneno mawili aliyatafuta kwenye kamusi. "Hili lina sensa ndani. Linapima hewa lenyewe, gari ikipanda, ikishuka. Na lina kitu cha kusikiliza injini. Ikianza kugonga linapunguza nguvu lenyewe kabla haijafa."

"Mh."

"Baba Happy, gari mtaipanga wapi?"

"Mbeya. Isyonje. Ndiko tunakopima sisi."

"Na litashindana wapi?"

Jibu wote wawili walilijua. Mashindano yalikuwa Igawa, kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka kati ya mashamba ya mpunga, huko uwanda wa Usangu ambako mtu wa Isyonje akishuka anavua sweta, anavua shati, na bado anatafuta kivuli.

"Basi mwambie Budeba asubiri hilo jingine," Anjela alisema. "Rimu zile alinunua milioni mbili na nusu. Anashindwa nini?"

"Rimu zinaonekana."

"Mwambie tu."

"Nitamwambia."

Anjela alizikunja karatasi, akampa. Kidato cha pili alikiacha kwa kukosa mtu wa kumsomesha. Sasa alikuwa mwaka wa pili katika darasa la jioni la mwalimu Gerson, mtoto mgongoni, daftari mkononi, na Kiingereza chake alikuwa amekichimba neno kwa neno kama mtu anayelima mahali penye mawe. Kilikuwa kimeanza kutoa kitu. Devotha, mwenye duka la pembejeo mkabala na gereji, alikuwa amemwahidi kazi: awasomee wakulima maelekezo ya dawa za mimea, maana vibandiko vingi ni vya Kiingereza, na wakulima wa Kalenga walichoka kukisia vipimo. Aanze mwezi ujao. Laki moja na nusu kwa mwezi na chai ya saa nne. Anjela alikuwa hajawahi kulipwa na mtu kwa sababu ya kitu kilichomo kichwani mwake.

Duka la Isakwisa lilikuwa Mwanjelwa, chumba kirefu chenye injini zilizopangwa ukutani kama ng'ombe waliofungwa zizini. Budeba aliingia kwanza. Mtu wa miaka thelathini na sita, mpana, kofia ya pama, baba yake alihamia Usangu kutoka Usukumani na ng'ombe mia na sasa familia ina mashine mbili za kukoboa mpunga. Alipenda magari kama wenzake wanavyopenda mpira.

"Ndaga, bosi!" Isakwisa alimpokea kwa mikono miwili. "Mzigo wako huu."

Aliliweka boksi juu ya meza. Jeusi, dogo, lina mapezi ya bati.

"Na lile la Dar lina tofauti gani na hii?" Budeba aliuliza.

"Jina tu, bosi. Unalipia jina. Waya zilezile, mafuta yaleyale. Na wiki tatu utakuwa unaangalia mashindano umekaa kwenye kiti na mama."

Budeba alicheka, kisha akageuka. Na hapa lazima isemwe waziwazi, kwa sababu baadaye kila mtu alisahau: aligeuka, akamwangalia fundi wake usoni, akamuuliza.

"Kalinga. Wewe ndiyo fundi yangu. Unasemaje?"

Aroni alizishika karatasi mfukoni mwa ovaroli. "Kuna sehemu kwenye kitabu chake," alianza, "inaongelea mambo ya hewa..."

"Kitabu!" Isakwisa alidakia. "Kalinga, umeanza lini kusoma Kizungu?"

"Nimesomewa."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Vijana wawili waliokuwa wanasafisha nozeli waliinua vichwa. Mmoja alipiga mluzi. Isakwisa alijishika kiuno, akacheka mpaka akakohoa.

"Jamani! Boksi ya tabo inachaguliwa jikoni! Haya, mama kasemaje? Tuweke na chumvi?"

Hata Budeba alicheka. Si kwa ubaya, alicheka kwa sababu wengine wanacheka, lakini Aroni alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amekuja Mbeya kama fundi kutoka Iringa na ghafla amekuwa mume wa mtu.

"Kasema zote zinafaa," alisema.

Maneno mawili matatu tu. Hakuna aliyemshikia kisu.

"Basi imeisha," Budeba alisema, akafungua mkoba.

Mbeya na Iringa hakuna mashine ya kupimia gari lililosimama. Mafundi wa huko wanapima kwa mlima. Unalichukua gari Uyole alfajiri, unaweka kiti cha mbele mtu wa laptopu iliyounganishwa na boksi, unalipandisha kuelekea Isyonje huku mguu umezama, naye anaongeza mafuta, anapunguza, anaongeza, mpaka injini iimbe bila kukwama. Mlima unaibebesha injini mzigo kuliko barabara yoyote, na gari lililopita pale halirudi gereji. Ndivyo walivyofundishwa, ndivyo wanavyofundisha, na kwa magari ya kawaida hawajawahi kuumbuka. Alfajiri ya kulipima la Budeba kulikuwa na ukungu, mikono ilikufa ganzi, na Mark II ilipanda ikipuliza kama chatu. Mara ya nne Budeba mwenyewe aliiendesha. Alipofika juu alitoka akamkumbatia Aroni, akamnyanyua.

"Fundi! Hii siyo gari, hii ni ndege!"

Aroni alicheka. Akili yake ilimwambia: Igawa tutafungua laptopu tupange tena, robo saa tu. Lakini mtu wa laptopu alikuwa wa Isakwisa, na Isakwisa alidai laki tatu kumshusha Igawa. Budeba aliuliza, "Ya nini tena, wakati imepita mlima?" Aroni akasema sawa.

Ilikufa Igawa, mzunguko wa tatu wa mashindano.

Jumapili, saa nane mchana, joto linacheza juu ya barabara. Pande zote mbili watu, pikipiki, wauza miwa, mama mzazi wa Budeba kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa kitenge kipya. Mzunguko wa kwanza Mark II iliacha Subaru ya watu wa Mbarali nyuma kwa mbali. Wa pili vilevile. Wa tatu, katikati ya njia, Aroni alisikia mlio aliouogopa kuliko matusi: kama kokoto zinatikiswa ndani ya sufuria. Alianza kukimbia kabla ya wengine kuelewa. Kisha moshi, mweupe wenye bluu, na gari likapunguza, likapunguza, likasimama mbele kabisa ya mwavuli.

Alifungua boneti kwa kitambaa. Akatoa plagi ya silinda ya tatu. Ncha yake haikuwapo. Ilikuwa imeyeyuka, na pembeni yake vimenata vitone vya alumini, mabaki ya pistoni.

"Nini?" Budeba aliuliza.

"Imekosa mafuta."

"Si ilipita mlima?"

Watu walikuwa wamesogea. Watu wa Subaru walikuwa wamesogea zaidi. Mmoja wao alisema, akijifanya anamnong'oneza mwenzake, "Ndege imeanguka," na kicheko kikapita kwenye umati mpaka kwa wauza miwa. Mama yake Budeba aliinuka, akamwambia binti aliyekuwa naye akunje mwavuli.

"Nani kaua injini yangu?" Budeba hakupiga kelele. "Nauliza. Milioni nne na laki mbili. Nani?"

Isakwisa, aliyekuwa amekuja kutazama, aliinua mikono. "Mimi nimeuza. Kusoma mlisoma nyie."

Macho yakaja kwa Aroni. Yalikuwa mengi, na jua lilikuwa kali, na plagi ilikuwa inamuunguza kiganja.

"Kitabu kilikuwa cha Kiingereza," alisema. "Mke wangu ndiye alinisomea. Alisoma vibaya."

Jumatano Anjela alipeleka chakula gereji, ugali na mboga za maboga kwenye hotipoti, Happy mgongoni. Yusta, anayeuza chai na maandazi pale mlangoni, kila siku humpokea kwa "kamwene, mwali" na kipande cha andazi kwa mtoto. Siku ile alimtazama tu.

"Kuna nini, da Yusta?"

"Kaa kwanza."

"Niambie nimesimama."

"Ni kweli ulisoma vibaya kitabu cha lile gari?"

Anjela hakuelewa. Aliuliza kitabu gani. Yusta alimweleza polepole, akimimina chai isiyo na mnywaji, jinsi habari ilivyopanda na madereva kutoka Igawa, ikapita Makambako, ikapita Mafinga, na kufika Ipogolo imenenepa: mke wa Kalinga ameunguza injini ya Msukuma kwa Kiingereza cha darasa la jioni.

Kutoka chini ya Noah iliyopandishwa kwenye magogo, miguu ya Dastan ilichezacheza. Dastan ndiye yule mwenzake Aroni anayejua tabo. "Shemeji!" aliita. "Tunaomba ututafsirie hapa. Kwenye hii spana wameandika *Made in Japan*. Maana yake nini, tukaze au tulegeze?"

Mafundi walicheka. Aroni alikuwa amesimama kwenye meza ya vyuma, mgongo kwao, anapiga msasa kitu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Hakugeuka.

Anjela aliweka hotipoti chini. Alivuka barabara kwenda dukani kwa Devotha kwa sababu miguu ilihitaji kwenda mahali. Devotha alikuwa anahesabu makopo ya dawa ya nyanya. Alimwona, akakohoa.

"Mama Happy, afadhali umekuja. Ile kazi... tuiache kwanza."

"Kwa nini?"

"We mwenyewe unajua. Mimi sina neno na wewe. Lakini mtu akija hapa, umwambie vifuniko viwili badala ya kimoja, nyanya zikaungua shamba zima, watakuja kwangu. Injini inanunuliwa nyingine. Msimu haununuliwi."

"Mimi sikusoma vibaya."

"Mumeo ndiye kasema," Devotha alijibu kwa upole kabisa. "Siyo jirani. Mumeo."

Anjela aliyatazama yale makopo ya dawa. Angesema nini? Kwamba mume wake ni mwongo? Mke anayesema hivyo dukani kwa watu anaaminika kuliko fundi gani? Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaenda nyumbani bila hotipoti.

"Ulitaka nifanye nini?" Aroni alisema. Hakuwa amevua hata viatu. "Watu mia mbili wananiangalia. Injini imekufa mikononi mwangu."

"Ungesema uliambiwa ukanyamaza."

"Halafu? Nani ataniletea gari tena? Dastan yuko pale anasubiri nianguke. Fundi akikosea injini moja ya tabo, jina limekwisha. Wewe..." Alisita, lakini neno lilishakuwa mlangoni. "Wewe huna jina la kupoteza, Anjela. Huna gereji. Watacheka wiki mbili watasahau."

Happy alikuwa sakafuni anagonga kijiko kwenye sufuria. Anjela alikichukua kijiko, taratibu, akamfungua vidole kimoja kimoja.

"Devotha amenifukuza kazi kabla sijaanza," alisema.

Aroni aliinama kufungua kamba za viatu.

"Unajua nilisoma mara ngapi ule ukurasa? Mara sita. Mara ya tano wewe umeshalala. Nilitafuta neno moja kwenye kamusi mpaka nikaogopa, nikampigia mwalimu Gerson kumuuliza, akanicheka kwamba niko sawa tangu mwanzo. Nilisoma ili jina lako lisife. Wewe ukachukua jina langu ukaziba nalo tundu la pistoni yako."

"Usipaze sauti."

"Sijapaza. Nikipaza utajua."

"Basi nisamehe. Yamepita."

"Hayajapita. Na Mbeya ulinisemea?"

"Nini?"

"Nauliza. Kabla hamjanunua. Walikuuliza nimesema nini?"

Uso wake ulimjibu kabla hajaeleza, kwa shida, jinsi walivyomcheka dukani naye akasema zote zinafaa. Anjela aliketi kwenye stuli. Kumbe ilikuwa mara mbili. Ya Igawa angeweza kuiita hofu: jua, watu, hasara. Lakini ya Mbeya ilikuwa dukani, kivulini, hakuna kilichokuwa kimevunjika bado. Kulikuwa na kicheko tu.

"Umeniuza kwa kicheko," alisema.

Usiku ule na siku mbili zilizofuata alipika, alifua, alimpa maji ya kuoga. Hakumpa neno. Aroni alinunua nyama nusu kilo ili kumtuliza. Anjela aliipika, akaipakua.

Jumamosi saa tisa Fuso ilisimama mbele ya gereji. Budeba alishuka na vijana wanne na injini nyingine iliyofungwa kwa turubai. Kontroli boksi la bei nalo alikuwa nalo. Alilipia zaidi apewe la mtu mwingine, likaja kwa basi kutoka Dar, na kitabu chake kizito kama tenzi.

"Fundi," alisema bila salamu. "Nimerudi kwako kwa sababu gari unaijua wewe. Hutanidai ufundi, na tumeelewana. Lakini mkeo asiguse hii kitabu. Nimesema."

"Sawa, bosi."

"Sasa atasoma nani?"

Swali zuri. Kitabu kilizunguka. Dastan alikifungua, akatazama michoro, akakifunga kwa heshima. Kijana mmoja wa Budeba aliyemaliza kidato cha nne alisoma mstari wa kwanza kwa sauti kisha akasema herufi ni ndogo. Kulikuwa na waya hamsini na tatu za kuunganisha, na mmoja ukiingia pasipo pake boksi la milioni tatu na laki nne linakuwa kopo.

Anjela alikuwa amesimama kwa Yusta kwa dakika zote hizo, daftari la darasani kwapani, mtoto mgongoni. Darasa lilianza saa kumi. Alikuwa amekuja mapema kwa makusudi, maana Yusta alimdokezea kwamba Budeba anakuja. Alivuka uwanja wa gereji, akaruka dimbwi la oili, akasimama mbele ya mume wake.

"Baba Happy. Igawa ulisema nilisoma vibaya. Sema hapa nilisoma nini."

Spana zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Anjela, nenda nyumbani," Aroni alisema kwa sauti ya chini.

"Shemeji," Dastan aliingilia, "mambo ya nyumbani yamalizeni nyumbani."

"Hayakuanzia nyumbani. Yalianzia Mbeya dukani, yakaenda Igawa kwenye mashindano. Wewe mwenyewe juzi ulikuwa unayachekea hapa chini ya Noah. Leo yamekuwa ya nyumbani?"

"Mimi nilikuwa natania tu, shemeji."

"Mimi sitanii."

Ng'ambo ya barabara Devotha alikuwa ametoka mlangoni na kopo mkononi. Yusta aliacha birika likachemka.

"Ndiyo huyu?" Budeba aliuliza. Alimtazama Anjela kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani. "Mwanamke, unajua umenigharimu nini? Mama yangu ameacha kwenda sokoni kwa aibu. Watoto wanamuimbia ndege imeanguka. Na umekuja hapa kusimama? Ungekuwa wangu, ningeshakurudisha kwenu na huo mtoto mgongoni."

Anjela hakugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwa Aroni, na hakuyapepesa. Angeweza kusema yote, neno kwa neno, ukurasa kwa namba. Hakusema. Maneno yake peke yake pale yasingekuwa na thamani ya parafujo. Ilibidi yatoke kwenye kinywa kilichoyachafua.

Happy, aliyekuwa hajui lolote, alipiga chafya.

"Usimtukane," Aroni alisema.

"Nani?"

"Mke wangu. Usimtukane."

"Kwa nini nisimtukane? Si wewe uliyesema..."

"Alisoma sawasawa."

Sauti ilitoka ndogo. Dastan alisema, "Eh?"

Aroni aliifuta mikono kwenye ovaroli, ikachafuka zaidi. "Alisoma sawasawa!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na haikujulikana anampigia nani. "Aliniambia ile boksi haipimi hewa. Aliniambia tukipanga Isyonje tusishuke nayo Igawa. Aliniambia inunuliwe hii hapa, hii hii! Nilikwenda Mbeya na karatasi mfukoni. Isakwisa akacheka, nyote mkacheka, nikaona haya. Nikasema kasema zote zinafaa. Hakusema hivyo. Nimedanganya. Na Igawa nimedanganya tena. Haya. Mmesikia?"

Budeba alivua kofia. Alikuwa mtu mwenye hasira ya haraka, lakini hii ilimjia polepole na ikawa kubwa zaidi. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia ya Aroni.

"Nilikuuliza," alisema. "Kule dukani. Nilikuita kwa jina. Nilikuuliza wewe."

"Uliniuliza."

"Milioni tatu ningetoa. Ningesubiri mwaka. Mimi gari sijui, Kalinga, ndiyo maana nina fundi. Wiki nzima namtukana mke wa mtu mezani kwa mama yangu!"

"Na wewe ulicheka," Anjela alisema.

Budeba aligeuka.

"Ulicheka na wao. Baada ya kucheka ndipo ukataka mtu akwambie ukweli."

Hakuna mtu aliyewahi kumsemesha Budeba hivyo kwenye gereji yoyote kati ya Igawa na Iringa. Vijana wake wanne walitazama chini. Yeye aliigeuza kofia mkononi mara mbili. Mwenye Noah, mzee aliyekuwa amekaa pembeni kusubiri gari lake, aliinuka akamgusa Dastan begani. "Hii yangu malizia wewe," alimwambia. "Huyo Kalinga simpi." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza soda. Aroni alisikia. Wote walisikia.

"Unaona?" Aroni alimwambia mkewe. "Umeona sasa?"

"Nimeona," Anjela alisema. "Na mimi kazi yangu iliondoka hivihivi. Tofauti ni kwamba wewe ulikosea."

Kutoka ng'ambo Devotha alipaza sauti, kwa uchangamfu, kana kwamba wiki nzima haikuwapo: "Mama Happy! Jumatatu saa mbili, basi! Usichelewe!"

Anjela alimtazama mwanamke yule na kopo lake. Alitamani kumwambia akajisomee mwenyewe. Laki moja na nusu. Ada ya mtihani wa taifa ilikuwa inakuja, na viatu vya mtoto.

"Nitafika," alijibu. Hakuongeza asante.

Budeba alikichukua kitabu juu ya boneti, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akamletea. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama kwa heshima. "Soma wewe. Yeye atafunga unachosema wewe, hataongeza waya wala hatapunguza. Nitakulipa wewe, siyo yeye. Tuanze. Mimi nimekuja na watu, na injini iko juu ya gari."

Kilikuwa kitabu kizuri, cha karatasi ngumu, michoro ya rangi. Vidole vilimwasha kukifungua. Alikitia kwapani pamoja na daftari.

"Leo nina darasa. Nitakisoma kesho baada ya ibada, nitaandika kila waya kwa Kiswahili. Jumatatu jioni nikitoka dukani nitakuja."

"Jumatatu? Mimi nilale wapi siku mbili?"

"Wageni wanalala hapo stendi. Ulizia, kuna vyumba vya elfu kumi."

Alifungua kanga, akamshusha mtoto. Happy alikuwa na joto la usingizi na alama ya mshono wa nguo ya mama yake shavuni. Anjela alimbusu pale penye alama, akamweka mikononi mwa Aroni, juu ya ovaroli, juu ya grisi, juu ya yote.

"Nina mikono michafu," Aroni alisema.

"Naona," Anjela alisema. "Uji uko kwenye chupa, anakula saa kumi na moja. Usimpe moto."

Akaruka dimbwi la oili, akapanda njia ya kwenda mjini, mgongo mwepesi, kwapa zito. Nyuma yake gereji nzima ilisimama. Budeba aliketi kwenye tairi la Fuso, akaweka kofia gotini, akaanza kusubiri.